Je, wajua? Pakiti ya data haifuati njia fupi kila mara

Mwaka 1989, mjini Austin, Texas, wahandisi Kirk Lougheed wa Cisco na Yakov Rekhter wa IBM walikaa mezani kwa chakula cha mchana wakachora itifaki mpya kwenye karatasi za kupangusia mikono. Ilikuwa dawa ya muda tu. Jina lake BGP, na mpaka leo ndiyo inayoiunganisha mitandao ya dunia nzima.

Intaneti ni makumi ya maelfu ya mitandao inayojitegemea, kila mmoja na namba yake. Ruta za mpakani, vifaa vinavyoelekeza data, hutangaziana anwani zinazofikika kupitia kwao, na kila tangazo hubeba orodha ya namba za mitandao liliyoipitia. Ruta ikiikuta namba yake yenyewe humo, hulitupa tangazo hilo, maana njia inazunguka.

Je, huchaguliwa orodha fupi? Ndiyo, lakini baadaye. Kwanza ruta hutazama alama ya upendeleo aliyoiweka mhandisi wake, ambayo kwa kawaida ni 100. Kampuni ya Nairobi ikizipa alama 200 njia za KIXP, kituo ambako mitandao ya Kenya hubadilishana data, data ya wenyeji haiendi ng'ambo kwa gharama. Zamani barua pepe ya Nairobi kwenda Nairobi ilivuka bahari kwa setilaiti! Na bado KIXP kilipofunguliwa mwishoni mwa 2000, Telkom Kenya ililalamika na mdhibiti wa mawasiliano akakifunga; kikarudi 2002.

Alama hizo za upendeleo huelekeza data inayotoka. Inayoingia ni ngumu zaidi kuielekeza, kwa kuwa mwamuzi ni jirani. Mhandisi huirudia namba yake mara tatu au nne kwenye tangazo ili njia asiyoitaka ionekane ndefu, lakini jirani mwenye upendeleo wake hajali. Lenye nguvu kweli ni kutangaza kifungu kidogo cha anwani: ruta hufuata kifungu kidogo kuliko kikubwa, hata upendeleo uwe upi.

Nguvu hiyo ilionekana tarehe 24 Februari 2008. Pakistan Telecom, ikitekeleza amri ya kuizuia YouTube nchini mwake, ilitangaza anwani 256 kutoka ndani ya kifungu cha 1,024 kilichotangazwa na YouTube. Tangazo likavuja kupitia kampuni ya PCCW ya Hong Kong, na watazamaji wa mabara mengine wakajikuta wanapelekwa Pakistan. YouTube ikajibu kwa kutangaza zilezile 256, kisha vipande vya 128. Baada ya saa mbili hivi, PCCW ikayakata matangazo ya Pakistan.

Siku hizi kuna RPKI, hati za kidijitali zinazoonyesha ni mtandao upi wenye haki ya kutangaza anwani fulani. Ruta inayozikagua ingelikataa tangazo lile. Lakini hati hizo humthibitisha mwanzilishi tu; namba zilizo katikati ya orodha zinaweza kughushiwa, na ruta ikazipokea.