Makala Moja, Kamati Mbili

Mwaka 2014, wenyeviti wa programu wa mkutano wa akili bandia wa NIPS (siku hizi NeurIPS) waliamua kuijaribu kamati yao wenyewe. Corinna Cortes na Neil Lawrence waliigawa kamati sehemu mbili, kisha makala 166 zikapitiwa na pande zote mbili, kila upande ukiamua kivyake.

Utaratibu ulikuwa wa kawaida. Makala hufika bila majina ya waandishi. Wapitiaji husoma ikisiri na kutaja wanazoziweza. Mwenye uhusiano na mwandishi huwekwa kando. Mara nyingi watu watatu huisoma makala, hutoa alama na kusema wana uhakika kiasi gani. Mwandishi hujibu hoja zao, halafu mwenyekiti wa fani huwataka wajadiliane. Kazi iko hapo. Tuseme mmoja ametoa 8 lakini amekiri kwamba hisabati ya makala hakuifuata yote. Wawili wametoa 5, mmoja akilalamikia majaribio machache, mwingine akidai wazo si jipya. Nani asikilizwe? Na wote hao wanajitolea, hawalipwi senti.

Pande mbili zile zilipishana katika makala 43. Robo tu, utasema. Lakini mkutano ule ulikuwa ukikubali chini ya robo ya makala zinazotumwa, maana yake zaidi ya nusu ya zilizopita upande mmoja zilikataliwa upande wa pili. Bahati nasibu tupu ingezitofautisha kwenye makala 58 hivi, kwa hiyo kamati iliizidi, ila si kwa mbali.

Kwa maoni yangu, kamati huchuja makapi vizuri. Kupanga makala zilizobaki kwa ubora ndiko kunakoishinda. Cortes na Lawrence walipozifuatilia makala za 2014 miaka saba baadaye, waliona kwamba miongoni mwa zilizokubaliwa, alama za wapitiaji hazikuwa na uhusiano na mara ngapi makala ilinukuliwa na watafiti wengine.

Jaribio lilirudiwa 2021 kwa makala 882, na kamati zikapishana kwa asilimia 23 hivi. Waandaaji walipokokotoa ingekuwaje kama wangepunguza nafasi ili mkutano uonekane mgumu zaidi, waligundua kwamba uamuzi ungetegemea bahati zaidi.