Apandisiti inaweza kuuma kushoto: ndani ya tumbo watu hatufanane

Mutu akiumwa tumbo chini upande wa kuume, wengi hapa Goma wanasema mara moja: ni apandisiti. Mara nyingi ni kweli. Lakini hata maumivu ya fasi ingine yanaweza kuwa apandisiti, juu ndani ya tumbo watu hatufanane, sawa vile sura hazifanane.

Apandisi ni kipande chembamba kama kidole, kinashikamana na mwanzo wa utumbo mukubwa. Shina lake halihame, lakini ncha inaelekea popote. Kwa wengine inalala nyuma ya utumbo, na mugonjwa anasikia maumivu ubavuni ao mugongoni. Kwa wengine inashuka karibu na kibofu, na mwanamuke anafikiri ni ugonjwa wa kizazi. Kisha kuna wale, karibu mutu mumoja kwa 10.000, wenye viungo vyote kinyume: moyo kuume, maini kushoto. Kwao apandisi nayo iko kushoto.

Hiyo haiko ugonjwa wala ulozi. Wengi wanazeeka bila kujua. Shida inakuja siku ya kupasuliwa.

Tuchukue figo. Kawaida kila figo inapata damu kwa mushipa mumoja. Lakini karibu mutu mumoja kwa wane iko na figo yenye mishipa miwili ao zaidi. Munganga akikata mushipa asioutazamia, damu inamwagika sana. Kwa mufuko wa nyongo pia, mishipa haipite njia moja kwa watu wote. Ndiyo sababu munganga anatafuta kwanza, kisha anakata. Operesheni ikikawia, haimaanishi kama hajue kazi.

Na mutu akifika na risasi tumboni, kama wale wanaopokelewa kwenye hospitali CBCA Ndosho, nafasi ya kufanya ekografi inaweza kukosekana. Munganga anagundua mambo akisha kufungua.

Ukikaa Katindo, Himbi ao Ndosho, shika mambo matatu. Usimeze dawa na kungojea nyumbani juu tu maumivu hayako kuume. Kisha ekografi ao operesheni, uliza: mumekuta nini? Karatasi ya majibu uichunge, uipige picha kwa simu na kumutumia mutu wa jamaa. Wakati wa kukimbia vita, karatasi zinapotea. Munganga wa kesho atapata ile picha mbele ya kushika kisu.