Kuizima Taa Si Kuiponya Injini

Katika mpaka wa Vurra, kusini-magharibi ya mji wa Arua, dereva wa lori ana mambo mengi ya kuangalia kwa wakati mmoja. Ziko karatasi za forodha, iko mizigo na kamba zake, wako watu wavukao kwa miguu na baiskeli. Akisha kuvuka tu, hana budi kuhamia upande wa pili wa barabara, kwani nchini Uganda magari hupita kushotoni na nchini Kongo hupita kuliani. Si ajabu basi kwamba ile taa ndogo ya manjano yenye umbo la injini, iwakayo mbele ya usukani, huonekana kuwa jambo la kungoja. Fundi huizima leo, na wiki ya pili huwaka tena. Mwishowe dereva huizoea kama mtu anavyomzoea mbwa wa jirani abwekaye kila usiku.

Mazoea hayo ndiyo yanayogharimu. Taa inayorudi haikurudi bure, na hasara ya kuipuuza haiishii kwenye lori. Huingia jikoni, hufika kwenye karo ya watoto, na mara nyingine hula kiinua mgongo cha mtu aliyeitumikia nchi kwa miaka mingi.

TAA HIYO INASEMA NINI

Zamani injini ya dizeli ilikuwa chombo cha chuma kitupu. Dereva wa Bedford au Leyland alijua ugonjwa wa lori lake kwa sikio, kwa pua na kwa rangi ya moshi. Pampu ilisukuma mafuta kwa nguvu za meno na springi, wala hapakuwa na kompyuta ya kuuliza lolote.

Malori ya siku hizi yana tabia nyingine. Mengi yao hukusanya mafuta katika bomba moja nene, kwa kani inayoweza kupita bar 1,600, kisha kompyuta huamuru kila nozeli ifunguke na kufunga kwa kipimo chake. Ili kuielewa kani hiyo, ikumbukwe kwamba tairi la lori kubwa hujazwa upepo wa bar 8 hivi tu. Vijidude vya kupimia vimewekwa kila mahali: kwenye mafuta, kwenye hewa, kwenye maji ya rejeta na kwenye moshi. Kipimo kimoja kikitoka nje ya mipaka yake, kompyuta huwasha taa na kuandika namba ya kosa katika kumbukumbu yake. Mathalani, katika magari mengi namba P0087 maana yake ni kwamba kani ya mafuta katika lile bomba nene imeshuka mno.

Hapa wengi hukosea. Namba hiyo haisemi, “Nunua pampu mpya.” Husema mahali palipoonekana dalili, kama vile kipimajoto kinavyosema kwamba mtoto ana homa bila kusema kama ni malaria au ni kidonda kilichotunga usaha. Kani ya mafuta ikishuka, huenda pampu imechoka. Lakini huenda pia filta imeziba, bomba linanyonya hewa, tangi lina matope, au waya wa kipimo chenyewe umechubuka.

Tena taa huweza kuzimika yenyewe. Katika magari mengi, kosa lisipoonekana kwa safari tatu zinazofuatana, kompyuta huizima taa, ingawa namba hubaki kumbukumbuni kwa muda. Dereva hufurahi akidhani lori limepona, kumbe limenyamaza tu.

MAFUTA YA PEMBENI MWA BARABARA

Katika nchi ya Arua na Koboko, uchunguzi wa taa hii hauna budi kuanza na mafuta. Wenyeji wa huko wanaikumbuka vizuri biashara ya madumu. Baada ya vita vya 1979, watu wengi wa West Nile walikimbilia Sudan na Zaire, kama ilivyoitwa Kongo wakati huo. Waliporejea katika miaka ya 1980, baadhi ya vijana walianza kuuza mafuta yaliyovushwa mpakani, wakiyapanga pembeni mwa barabara za Arua. Wakaitwa OPEC Boys, kwa mzaha wa jina la ule umoja wa nchi zenye mafuta ulioundwa Baghdad mwaka 1960. Biashara hiyo ililisha nyumba nyingi katika siku za dhiki.

Malori ya wakati ule yaliyavumilia mafuta ya dumu. Malori ya leo hayayavumilii. Pipa lililoachwa nje huingiwa na maji ya mvua, dumu lililokuwa na kitu kingine huacha uchafu wake, na kila mara mafuta yanapohamishwa kutoka chombo hadi chombo huokota vumbi. Mafuta ya taa yakichanganywa humo, madhara huwa makubwa zaidi, kwa sababu pampu ya dizeli hulainishwa na dizeli yenyewe. Mafuta ya taa ni mepesi na hayalainishi vya kutosha. Vyuma husagana, na unga wa chuma huenda moja kwa moja kwenye nozeli.

NYUMBA MOJA, LORI MOJA

Hebu ichorwe picha ya nyumba moja iliyo kando ya barabara ya Vurra. Majina hayana haja, maana nyumba za namna hiyo ni nyingi. Baba ni askari mstaafu. Kiinua mgongo chake chote, pamoja na akiba ya mkewe auzaye nafaka sokoni, kimeingia katika lori moja lililotumika. Lori hilo hubeba saruji na sabuni kwenda mpakani, na hurudi na mbao au maharage.

Taa inawaka. Fundi wa kwanza anaunganisha mashine yake, anaifuta namba na kupokea ujira. Baada ya siku tisa taa imerudi. Fundi wa pili anabadili filta. Taa inakaa wiki mbili, kisha inarudi. Wa tatu anasema pampu imekufa, na bei anayoitaja ni zaidi ya karo ya mwaka mzima ya watoto wawili. Mzee anakaa kimya jioni hiyo. Jirani amekwisha kumpa shauri: chomoa glopu ya taa, uliuze lori kwa mtu wa mbali.

Mkewe ndiye anayevunja kimya. “Baba, siku zile taa ilipowaka ulikuwa umetia mafuta wapi?”

“Nitakumbukaje, Mama? Ni siku nyingi.”

“Kambini ulikuwa unakumbukaje?”

Mzee anacheka kidogo, maana ameshikwa. Kambini hakuna gari lililotoka bila daftari: kilomita zilizosomwa, mafuta yaliyotiwa, jina la dereva, kasoro iliyoonekana. Kila asubuhi maji na oili vilitazamwa kabla ya ufunguo kuzungushwa. Desturi hiyo aliiacha langoni siku aliyorudisha sare. Kesho yake mama anachukua daftari la shule lililobaki kurasa, anapiga mistari, na kulikabidhi kwa utingo.

Baada ya mwezi mmoja daftari linaanza kusema. Taa imewaka mara tano. Mara nne kati ya hizo lori lilikuwa na mzigo mzito, likipanda mlima, na siku moja au mbili kabla yake lilitiwa mafuta ya pipa ng’ambo ya mpaka. Fundi wa nne, mtu mtulivu, analisoma kwanza daftari kabla ya kugusa spana. Anamwaga mafuta kutoka chini ya filta katika chupa nyeupe na kuiacha itulie. Maji yanashuka chini, dizeli inaelea juu, na kati yake kuna matope ya rangi ya kutu. Anaagiza tangi lishushwe. Ndani yake kuna tope la miaka, na hiyo ndiyo sababu filta mpya ilikuwa ikiziba tena baada ya siku chache.

Tangi linaoshwa, filta inabadilishwa, hewa inatolewa katika mabomba. Lakini ile mara ya tano haijaelezwa: siku hiyo lori lilikuwa tupu, katika njia mbovu, na mafuta yalitoka katika kituo chema. Fundi anafuata waya kwa vidole mpaka anapokuta mahali unapogusa chuma, ganda limelika na shaba inaonekana. Anaufunga na kuutenga na chuma. Pampu ile iliyohukumiwa kufa inaendelea na kazi yake.

UTARATIBU WA KUFUATA

Kwanza, itazamwe rangi. Taa nyekundu, hasa ya oili au ya joto la maji, ni amri ya kusimama mara moja mahali pa salama na kuzima injini. Ya manjano isiyopepesa huruhusu kwenda taratibu hadi kwa fundi. Ikiwa lori limepoteza nguvu ghafla, huenda kompyuta imeipunguza kwa makusudi ili kuilinda injini, dereva asilikamue.

Pili, taa ikaguliwe yenyewe. Ufunguo ukifunguliwa kabla ya kuwasha injini, katika magari mengi taa huwaka, kisha huzimika injini ikianza kufanya kazi. Lori lisilowasha taa hiyo kabisa huenda limechomolewa glopu, na mnunuzi na ajihadhari.

Tatu, namba isomwe na kuandikwa kabla ya kufutwa. Fundi anayefuta bila kuandika amechoma barua kabla ya kuisoma.

Nne, vya rahisi vitangulie: maji katika filta ya dizeli, filta ya hewa iliyojaa vumbi, betri dhaifu na vichwa vyake vilivyolegea, waya zilizochubuka, mipira ya tabo iliyopasuka. Hayo yote yatazamwe kabla ya kununua pampu au nozeli.

Tano, mtu yeyote asilegeze mabomba ya kani kubwa injini ikiwa inafanya kazi, wala asitafute mvujo kwa kidole. Dizeli irukayo kwa kani ile hutoboa ngozi na kuingia mwilini, na jeraha linaloonekana dogo kama tundu la sindano huweza kumpotezea mtu mkono. Aliyepatwa na jambo hilo apelekwe hospitali papo hapo.

Sita, tangi lijazwe jioni badala ya asubuhi. Tangi lililo nusu hupata umande ndani yake wakati wa baridi ya usiku, na umande huo ni maji.

DAFTARI LA NYUMBANI

Tangu barabara ya Vurra, Arua, Koboko na Oraba, yenye urefu wa kilomita 92, ilipotiwa lami katika miaka ya 2010, mwendo wa malori umekuwa mwepesi. Lakini lami haisafishi mafuta, wala haifungi waya uliochubuka. Kazi hiyo imebaki kwa mwenye lori na jamaa yake.

Askari na polisi walio kazini hujaza daftari la gari kila siku kwa sababu ni amri. Inafaa wakumbuke kwamba amri hiyo ni elimu pia, na ni moja ya vitu ambavyo mtu anaweza kuvichukua nyumbani bila kuulizwa na mlinzi wa lango. Kompyuta ya lori hufutwa kumbukumbu kwa kubonyeza kidude kimoja. Daftari la mama, lililowekwa juu ya kabati pamoja na vyeti vya watoto, halifutiki hivyo. Taa ikirudi tena, nalo litakuwapo la kufunguliwa.