Mumosho: Mwizi akitumia jina lako, sheria inakulinda namna gani?

Katika groupement ya Mumosho, territoire ya Kabare, kusini mwa mji wa Bukavu, simu imekuwa benki ya wakaaji wengi. Ndani yake mama anaweka makuta ya soko, na watoto walio mbali wanatuma pesa ya shule ama ya dawa. Hali hiyo ilizidi baada ya Februari 2025, wakati AFC/M23 ilipoingia Bukavu na benki zikafunga milango.

Ndiyo maana kuibiwa simu si kupoteza chombo tu. Mwizi mwenye simu, kodi ya siri na kadi ya uchaguzi ya mtu anaweza kutoa makuta yake, kuomba ndugu zake pesa kwa jina lake, ama kuandikisha laini mpya na kudanganya wengine. Siku waliodanganywa wanaposhitaki, jina linaloonekana ni la mtu asiyejua kitu.

Kadi ya uchaguzi inayotolewa na CENI ndiyo raia wengi wa Kongo wanatumia kama kitambulisho, na ndiyo inayoombwa wakati wa kuandikisha laini. Kutuma picha yake kwa mtu usiyemfahamu, ama kuacha kopi yake ovyo, ni kumpa mwizi ufunguo.

Saa za kwanza

Jambo la kwanza ni kuazima simu ya jirani na kuomba shirika la simu lifunge laini pamoja na akaunti ya pesa. Baadaye mwenye laini anaomba irudishwe kwa jina lake, na anabadilisha kodi ya siri. Aulize pia kama kuna numero nyingine zilizoandikishwa kwa jina lake.

Pili, ndugu, kanisa na vikundi vya akiba wapewe habari haraka, ili mtu yeyote asitume pesa.

Tatu, alinde ushahidi: SMS, numero iliyopokea makuta, tarehe, saa na numero ya kila muamala. Ujumbe usifutwe, hata kama unaumiza roho.

Nne, atangaze upotevu wa kadi kwa viongozi na aombe attestation de perte. Kartasi hiyo yenye tarehe inasaidia kuonyesha kwamba kadi ilikuwa imekwisha kupotea kabla ya mwizi kuitumia. Duplicata ya kadi inatolewa na CENI.

Sheria inasema nini

Kifungu cha 31 cha Katiba kinalinda maisha ya siri ya kila mtu pamoja na mawasiliano yake. Kifungu cha 17 kinasema kosa la jinai ni la mwenye kulitenda: hakuna anayeweza kufungwa kwa tendo la mwingine. Na kwa kifungu cha 18, mtu hawezi kushikiliwa na polisi zaidi ya saa 48 bila kuachiwa ama kufikishwa mbele ya wakubwa wa sheria.

Utapeli unaazibiwa na kifungu cha 98 cha sheria ya jinai, na kughushi kartasi na kifungu cha 124. Kila kosa linaweza kuleta kifungo cha hadi miaka 5, na kesi za namna hiyo ni za tribunal de paix. Aliyeibiwa anaweza kujiunga na kesi kama partie civile na kudai alipwe hasara yake. Tena, Code du numérique ya tarehe 13 Machi 2023 inampa haki ya kuomba habari zake zilizoandikwa vibaya zisahihishwe.

Kwa sasa kazi ya mahakama za serikali imevurugika Bukavu na kandokando yake. Lakini kwa makosa hayo, sheria inatoa miaka 3 tangu siku ya tendo kabla mashitaka hayajazimika. Attestation, SMS na numero za miamala zilizotunzwa vizuri leo ndizo zitasema kesho mbele ya hakimu.