Vificho vya jiokashi vilivyotelekezwa

Vificho vya jiokashi vilivyotelekezwa ni vikopo au visanduku vya mchezo wa jiokashi ambavyo wenyewe hawavitunzi tena wala hawajibu ujumbe kuvihusu. Katika mchezo huu mtu huficha chombo chenye daftari dogo, hutangaza latitudo na longitudo yake kwenye intaneti, na wengine hukisaka kwa GPS au simu janja. Anayekipata huandika jina lake daftarini na kukirudisha palepale.

Mchezo ulianza Marekani mwaka 2000. Mwanzoni mwa Mei serikali ya nchi hiyo iliacha kupunguza makusudi usahihi wa mawimbi ya GPS yanayotumiwa na raia, na tarehe 3 Mei Dave Ulmer akaficha ndoo karibu na Beavercreek, jimbo la Oregon. Leo tovuti ya Geocaching.com ina vificho zaidi ya milioni 3 duniani.

Kwa nini hutelekezwa

Mwenye kificho anaweza kuhama, kuchoka, kuugua au kufariki. Katika mkoa kama Mara kuna sababu nyingine: wageni wengi ni wapita njia. Wapo wanaoingia Serengeti kwa lango la Ndabaka, wanaofika Butiama kuona makumbusho na kaburi la Mwalimu Nyerere, na wanaojitolea miezi michache Musoma au Bunda. Mtu wa namna hiyo akificha kopo na kwenda zake, litapigwa na mvua za vuli na masika mpaka daftari liwe uji. Ndiyo maana kwa kawaida tovuti haikubali kificho cha msafiri isipokuwa ameonyesha nani wa hapohapo atakitunza. Kanuni hii huonekana ya usumbufu kwa mgeni, lakini ni ya haki kwa wenyeji, ambao ndio wangebaki na taka.

Suala la umiliki

Wengi hudhani kitu kilichoachwa ni cha anayekiokota. Katika jiokashi sivyo. Chombo ni mali ya aliyekificha, na ukurasa wake ni wake pia, hata akikaa kimya miaka. Tovuti haimhamishii mtu mwingine kificho bila ridhaa ya mwenyewe. Wasomaji wa Butiama hawatashangaa: jina la Mwitongo, mahali alipozikwa Mwalimu, linahusiana na neno tongo, yaani mahame, na mahame kuwa matupu hakumaanishi kuwa hayana mwenyewe.

Makabidhiano halali ni rahisi. Mwenye kificho hutuma ombi kwenye akaunti ya mpokeaji, naye akikubali, ukurasa wote unakuwa wake pamoja na msimbo unaoanza na herufi GC na maandishi ya waliokipata zamani. Ugumu uko kwa asiyejibu.

Tuseme mwanafunzi wa Musoma amekuta kopo lililopasuka kati ya mawe ya granaiti kando ya Ziwa Viktoria. Anaweza kulikausha na kuongeza karatasi. Huo ni msaada tu, haumpi umiliki. Humwandikia mwenyewe, akiomba alitengeneze au amkabidhi. Asipojibiwa, anaweka taarifa kwenye ukurasa kwamba kificho kina hitilafu, na hali ikiendelea anaomba mhakiki aingilie kati. Wahakiki ni wachezaji wa kujitolea. Mhakiki husimamisha kificho kwa muda, humpa mwenyewe wiki 4 hivi, kisha hukifunga. Kilichofungwa hakikabidhiwi tena.

Kosa linalofanywa na wengi, mara nyingi kwa nia njema, ni kuweka kopo jipya pale wasipoliona la zamani. La zamani huenda lipo bado chini ya jiwe jingine. Matokeo yake ni makopo mawili, na lile jipya halina mtu wa kulitunza.

Baada ya kufungwa

Kufunga kuna faida isiyoonekana haraka. Vificho viwili vinatakiwa kuachana kwa angalau mita 161, hivyo kificho kibovu huzuia eneo lote linalokizunguka. Kikifungwa, mwenyeji anaweza kuweka chake, chenye msimbo mpya na historia inayoanzia sifuri. Kwanza apate ruhusa ya mwenye eneo: mwenye shamba, serikali ya kijiji au ya mtaa. Ndani ya Hifadhi ya Serengeti msimamizi ni TANAPA, na mtu hapaswi kuacha chombo humo kwa uamuzi wake mwenyewe. Kopo lisilojulikana karibu na shule, daraja au kituo cha polisi huleta hofu, hata kama ndani mna penseli tu.

Kufungwa kwa ukurasa hakuondoi kopo lenyewe porini. Wajibu wa kuliondoa ni wa aliyelificha. Akiwa hapatikani, mwenyeji anayeliondoa huandika hivyo kwenye ukurasa wa zamani, ili mwingine asije akapoteza mchana mzima akichungulia chini ya mawe.