Mvua ya Karamoja na Riziki ya Mwindaji wa Ndege

Mtu aliyezaliwa Kampala, akakulia jirani na ziwa Nyanza ambako hakuna mwezi wa mwaka unaonyimwa mvua kabisa, huzoea kuihesabu mvua kwa adha zake: maji yaliyojaa Bwaise, foleni ya magari Wandegeya, nguo zisizokauka kambani. Si ajabu basi ikimwia vigumu kusadiki ya kwamba ndani ya mipaka ya nchi yake iko ardhi ambako mvua ya Aprili ikichelewa hadi mwisho wa Mei, mwindaji atakayetoka na bunduki yake ya marisau mwezi wa Desemba huenda akarudi mikono mitupu, hata awe hodari wa shabaha namna gani, kwa kuwa ndege aliowataraji hawakuuawa na mtu wala hawakuhama, bali hawakupata kuzaliwa.

Ardhi hiyo ni Karamoja, upande wa kaskazini mashariki, kuanzia nyanda zilizo chini ya mlima Kadam hadi bonde la Kidepo mpakani mwa Sudan Kusini. Si jangwa kamili la mchanga kama yale ya Arabuni, walakini ni nyika kame ya migunga na nyasi, ambayo mvua yake ya mwaka, aghalabu baina ya milimita 500 na 1,000 ilhali Kampala hupita 1,200, huanza Aprili, hupungua mwezi wa Juni, hurejea Julai na Agosti, kisha hukatika. Na kuanzia Novemba pepo kavu za mashariki huivumia nchi hata mto Kidepo wenyewe ukabaki mchanga mtupu. Sir Frederick Jackson, aliyekuwa Gavana wa Uganda tangu mwaka 1911, alitunga kitabu kizima juu ya ndege wa kuwindwa wa Kenya na Uganda, kikachapishwa mwaka 1926, na jamii za ndege alizozieleza ndizo zinazotafutwa hadi leo: kanga, kwale wa namna nyingi, firigogo, na yule tombo mdogo ambaye wafugaji wa siku hizi humwita kware.

Namna mvua inavyofanya kazi yake si siri, ila watu wengi huikatiza hesabu mahali pasipofaa, wakadhani ya kuwa mvua huleta nyasi, nyasi zikaleta mbegu, na mbegu zikaleta ndege. Mbegu ni chakula cha ndege aliyekwisha kukua. Kinda la kanga au la kwale, katika majuma yake ya kwanza, haliujengi mwili kwa mbegu bali kwa wadudu, yaani panzi wachanga, viwavi, mchwa na kumbikumbi; na wadudu hao hawawi wengi ila majani mabichi yawepo, na majani mabichi hayapatikani ila mvua iwe imezama ardhini ikakaa. Mama naye huyahitaji majani hayo kabla ya kutaga, na huhitaji nyasi ndefu za kukistiri kiota, kwa maana ndege hawa wote hutaga chini, mahali wapitapo nguchiro, kenge na nyoka. Kanga huatamia mayai yake takriban majuma manne, na tombo majuma mawili na siku kadhaa. Basi haitoshi mvua kuwaita kutaga, sharti iwepo tena makinda yanapoanguliwa, la sivyo mama atakuwa amewatoa wanawe waje kufunga.

Hapo ndipo jumla ya mvua ya mwaka humdanganya mwenye kuisoma. Milimita 800 zilizoanguka kwa dhoruba chache za ghadhabu huzoa viota mabondeni, na kinda ambalo halijaota manyoya ya kutosha, likilowa usiku, hufa kwa baridi kabla ya alfajiri. Kumbe milimita 500 zilizogawanyika kwa utulivu tangu Aprili hadi Septemba zaweza kuijaza nyika. Na ile nafuu ya Juni, ambayo kwa kawaida ni pumziko tu, ikirefuka hadi mwisho wa Julai huwaondoa wale waliotangulia kuzaliwa. Neema yenyewe nayo haichagui wa kumfaa. Mwishoni mwa mwaka 2019 Bahari ya Hindi ilipata joto upande wetu kuliko upande wa Indonesia, mvua ikamiminika Afrika Mashariki kupita kiasi, na mwezi wa Februari 2020 nzige wa jangwani wakaingia Karamoja kwa njia ya Amudat: rutuba ile ile ililishayo kinda la kanga ndiyo iwaanguayo nzige.

Watu wa Arizona, katika majangwa ya Marekani, wameifuata elimu hii mbali zaidi, kwa sababu tombo wa Gambel ni windo lao kubwa. Huko mvua inayohesabiwa si ya mwezi wa kuwinda, bali ni ile ya Oktoba hadi Machi, inayootesha majani ya majira ya kuchipua. Ndipo wataalamu husikiliza milio ya madume yakiita majike, na kwa wingi wa milio hiyo wakakadiria mapema msimu utakuwaje. Jirani yake, tombo wa Montezuma, hutegemea mvua nyingine kabisa, ile ya kiangazi. Huko California nako, A. Starker Leopold na wenzake walieleza mwaka 1976, katika jarida la Science, jambo ambalo kwangu mimi ni la ajabu kuliko yote: mimea iliyodumaa kwa ukame huwa na kemikali zinazofanana na homoni za kike, na tombo akiila hupunguza kuzaa. Mmea wenye kiu humwambia ndege asitage.

Tombo wetu wa Afrika ana hila yake, nayo ni safari. Haingoji mvua mahali alipo bali huiandama, akaruka usiku kwa makundi kutoka nyika iliyokauka hadi nyika iliyochipua. Mwaka mmoja humjaza mtu masikio kwa mlio wake, na mwaka wa pili hasikiki. Binamu yake wa Ulaya huvuka Sahara kila mwaka, na ndiye ambaye wafasiri wengi wamemtambua katika habari ya Salwa walioteremshiwa Bani Israili jangwani. Waluo, wamwitao aluru, na Waluhya, wamwitao isindu, wana ufundi wa kale wa kumnasa: madume yaliyofugwa hutundikwa vizimbani juu ya mti mrefu, yakaita, na wageni walioletwa na mvua wakashuka majanini penye tanzi. Ufundi huo hauna bunduki wala kelele, nao hufundisha kwamba mtegaji hana mamlaka juu ya mavuno yake, kwa kuwa mvua iliyomlea ndege huyo huenda ilinyesha nchi nyingine.

Mwenye bunduki huchelewa kuelewa hayo, kwa sababu ukame humwonyesha kinyume. Mvua inaponyesha, makundi ya kanga huvunjika, kila jike na dume lake wakatawanyika majanini wasionekane. Nchi ikikauka, waliobaki wa eneo zima hukusanyika penye maji, na mgeni afikapo kisimani asubuhi akakuta vumbi limejaa ndege, huapa kuwa hajapata kuona mwaka wenye baraka kama huo. Huo ndio mwaka wa kuweka bunduki chini. Ndege anaowaona ni wazee waliookoka, hawana watoto nyuma yao, na kila amwuaye ni mbegu ya mvua ijayo.

Uwindaji ulipigwa marufuku Uganda mwaka 1979, ukarejeshwa kwa majaribio mwaka 2001 kandokando ya Ziwa Mburo, na leo Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2019 hairuhusu mtu kuwinda bila kibali. Mimi si adui wa kibali, ila nataka kifuate mawingu. Vipimo vya mvua vya Moroto na Kotido viwe mezani pa mwenye kutia saini, tena visomwe mwezi kwa mwezi, si kwa jumla. Walinzi wahesabu makinda yaliyoandamana na mama zao Agosti na Septemba. Na idadi ya ndege wa kuwindwa iandikwe Oktoba, mvua ikiisha kukatika, wala isinakiliwe ya mwaka uliopita. Na katika mwaka kama 2022, mvua ilipokosekana na njaa ikaua watu Karamoja, idadi hiyo kwa mgeni wa starehe iwe sifuri.