Kazi ya lugha ughaibuni hainunuliwi kwa ng'ombe

Ndugu msikilizaji, juma hili nataka tuzungumze juu ya vijana wetu wanaosomea lugha vyuoni, na juu ya kazi za nje ya nchi wanazoahidiwa. Kijana akisema anasomea udaktari au uhasibu, jirani humpongeza. Akisema anasomea Kiswahili, Kifaransa au isimu, huulizwa: "Sasa utafanya kazi gani?" Swali hilo likikosa jibu nyumbani, tapeli huja na la kwake.

Mzee mmoja wa Nyakunguru, mkoani Mara, si mbali na machimbo ya dhahabu ya Nyamongo, ameniandikia barua. Binti yake amemaliza shahada ya lugha. Mtu asiyemfahamu amempigia simu na kumwambia kwamba ipo kazi ya ukalimani huko Asia, mshahara kwa dola, ila kwanza itumwe fedha ya viza na tiketi. Mzee anauliza: auze ng'ombe? Sisi wa mjini ng'ombe tunamfahamu kwa kilo buchani. Kwa Mkuria ng'ombe ni akiba, ni mahari, na ni ada ya shule ya wadogo zake binti huyo. Kwa hiyo swali la mzee si dogo.

Kwanza nikiri kwamba kazi za lugha ughaibuni zipo, tena ni za siku nyingi. Mwaka 1887 Wajerumani walifungua chuo cha lugha za Mashariki mjini Berlin, wapate kuwafundisha Kiswahili maofisa waliokuwa wakipelekwa kututawala. Walihitaji wenye lugha. Amur bin Nasur wa Zanzibar alifundisha huko kati ya 1891 na 1895. Mwaka 1900 akafuata Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa Bagamoyo.

Baadaye zikaja redio. Idhaa ya Kiswahili ya BBC ilianza London mwaka 1957, ile ya Peking mwaka 1961, na ya Deutsche Welle mjini Köln mwaka 1963. Watangazaji na wafasiri wengi wa Afrika Mashariki walipata riziki huko, na baadhi yao ndio waliotufanya wengine tuipende kazi hii ya utangazaji.

Vyuo vikuu navyo huhitaji walimu wa Kiswahili. Chukua mfano wa mpango wa Fulbright wa Marekani kwa walimu wasaidizi wa lugha. Kwa miaka mingi umewachukua vijana wa miaka 21 hadi 29, hasa walimu wa Kiingereza, wakafundishe lugha yao katika chuo cha Marekani kwa mwaka mmoja wa masomo, yaani miezi tisa hivi. Kijana hufundisha saa zisizozidi 20 kwa juma, naye husoma masomo kadhaa hapo hapo chuoni. Nauli, posho na bima hutoka kwa wenye mpango. Muda ukiisha anatakiwa arudi nyumbani. Masharti ya viza hubadilika mara kwa mara, kwa hiyo anayetaka kuomba aulize ubalozini kwanza kama nafasi zipo mwaka huo.

Sasa tazama, ndugu msikilizaji, fedha inaelekea upande gani. Wajerumani walimlipa Mtoro. Redio ziliwalipa watangazaji. Fulbright humlipa mwalimu. Katika kazi ya kweli ya lugha, mwenye shida ya lugha ndiye anayetoa fedha. Yule aliyempigia simu binti wa Nyakunguru anataka mwenye lugha ndiye alipe. Hapo ndipo penye hila.

Na hatari yenyewe si ya kupoteza fedha peke yake. Mwaka 2022 serikali ya Kenya ililazimika kuwaonya raia wake baada ya vijana wengi kuitikia matangazo ya kazi nzuri huko Thailand. Walipofika walivushwa hadi Myanmar, wakanyang'anywa pasi zao za kusafiria, wakalazimishwa kuwaibia watu fedha kwa njia ya mtandao. Wengi wao walikuwa wasomi wenye Kiingereza kizuri. Matapeli hao walimtafuta mtu wa lugha hasa, kwa kuwa wizi wao ulikuwa wa maneno.

Jibu langu kwa mzee basi ni hili: ng'ombe asiuzwe. Anayesema ni wakala aonyeshe leseni yake, na leseni hiyo ikahakikishwe katika ofisi ya kazi ya serikali, si kwa namba ya simu aliyoitoa yeye mwenyewe.

Lakini mwajiri wa kweli naye huweza kumpunja mtu. Turudi kwa Mtoro. Mwaka 1903 kilichapishwa kitabu cha Desturi za Wasuaheli, ambacho sehemu yake kubwa ilitokana na kalamu ya Mtoro. Jina lililotangulia mbele lilikuwa la Carl Velten, Mjerumani aliyekihariri. Tafsiri ya Kiingereza iliyoweka jina la Mtoro katika anwani ya kitabu ilitoka mwaka 1981, naye alikwisha kufariki Ujerumani mwaka 1927. Aidha, mwaka 1905 alipojaribu kurudi nyumbani na mke wake Mjerumani, serikali ya kikoloni ilikataa wasiingie pamoja Dar es Salaam, wakarejea Ulaya.

Kwa hiyo kijana asome mkataba kabla ya kupanda ndege. Mwajiri ni nani, na anwani yake ni ipi? Viza ni ya kazi, ya mafunzo au ya matembezi? Ya matembezi hairuhusu kazi. Nauli, nyumba na matibabu ni juu ya nani? Pasi ya kusafiria inakaa kwa nani? Jibu ni moja tu: kwako wewe mwenyewe. Na kama utatafsiri, utaandika kamusi au utarekodiwa sauti, kazi hiyo itabeba jina la nani, na nani atalipwa ikiuzwa?

Linabaki suala la kujua kazi yenyewe. Wengi hudhani kuzaliwa na Kiswahili kunatosha. La hasha. Mwanafunzi wa kigeni atakuuliza kwa nini unasema "rafiki mzuri" lakini "rafiki yangu", wala husemi "rafiki wangu". Wewe unasema hivyo tangu utotoni bila kufikiri. Mwalimu sharti aeleze kwamba majina ya watu na wanyama hufuata upatanisho wa M-WA, ila baadhi yake, kama rafiki, ndugu na mama, yakikutana na -angu na -ako hufuata njia nyingine. Asiyeweza kueleza hayo ni msemaji hodari, bali bado si mwalimu.

Tena binti huyo ana mali nyingine asiyoihesabu, nayo ni Kikuria. Katika Kiswahili mkazo huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, basi. Katika Kikuria toni ya juu huhesabiwa kutoka mwanzo wa shina la kitenzi, nayo huweza kuangukia mahali pa kwanza, pa pili, pa tatu au pa nne, kutegemea njeo. Jambo hilo ni adimu, na wanaisimu wa ng'ambo wameliandikia makala nyingi. Mwaka 1996 ilitoka kamusi ya Kikuria na Kiingereza ya Muniko, oMagige na Ruel. Wawili kati ya hao watatu ni Wakuria. Kazi za namna hii humhitaji mtu aliyekulia katika lugha yenyewe na kuisomea pia.

Mahali pa kuanzia pako karibu. Huko huko Mara, ipo shule ya lugha ya Makoko, Musoma, iliyoanzishwa na mapadre wa Maryknoll, ambapo wageni wengi wamejifunza Kiswahili. Zipo mahakama ambako mzee asiyejua Kiswahili vizuri huhitaji mkalimani. Lipo Baraza la Kiswahili la Taifa, BAKITA, lililoundwa mwaka 1967, ambalo kazi zake ni pamoja na kusimamia tafsiri na kuendeleza walimu wa Kiswahili kwa wageni. Vyuo vyetu navyo visiwapeleke wanafunzi wa lugha kufanya mafunzo kwa vitendo katika shule za sekondari peke yake. Mwaka mmoja wa kufundisha wageni ukiandikwa vizuri katika maombi ya kazi, utasomwa Berlin na Chicago kwa uzito kuliko cheti kitupu.

Kwa leo ni hayo. Tukijaliwa, tuzungumze tena juma lijalo.